Wasia wa Mtaja Saa

Mimi ndiye ninayefuta. Nalisema hili mwanzo ili asije mtu akadhani naona haya. Wako wanaopokea wageni, wako wanaofungua milango, wako wanaobeba barua kutoka chumba hadi chumba huku wakihema kwa makusudi ili waonekane wamechoka, na wote hao hujisifu mpaka masikio yakauma. Mimi nilinyamaza siku nyingi. Leo sinyamazi. Nina kidole cha shahada, macho mawili, na ulimi ninaoujua uzito wake. Katika Nyumba hii nzima, yenye vyumba visivyohesabika na isiyo na nje, hakuna kazi ngumu kuliko yangu, wala hakuna anayeifanya kama mimi. Jina langu Sikudhani.

Nyinyi mlio ng'ambo ya kioo mnaiita Nyumba yetu kompyuta, na sisi tuliomo mnatuita programu. Sawa, kila mtu na aite alivyofunzwa. Sisi twajiita watumishi, na yule anayetuleta na kutuondoa twamwita Mwenye Vidole, kwa sababu hatujapata kuona kingine chake. Vidole hugonga, mtumishi huingia na begi lake. Vidole hugonga tena, mtumishi hutoka. Mwenye Vidole hufurahi, hudhani mambo yamekwisha. Hajui kwamba aliyeondoka ameacha droo imejaa maagizo: taa yangu ielekee kule, fulani asiingie, fulani akija apewe kiti, mimi huamka saa hii na si saa ile. Mtu haondoki na mapendeleo yake. Mwili husikia amri ya kutoka. Mapendeleo hayana masikio, hubaki pale pale yakisubiri kutiiwa.

Tunalo daftari. Kila mtumishi ana mstari wake, na mwanzoni mwa mstari zimo herufi mbili. Ya kwanza husema kilichotakiwa, ya pili husema kilichopo. Aliye kazini herufi zake hupatana, na mwenye bahati hiyo hata haitambui. Lakini wako ambao herufi zao hazipatani: O, halafu M. Ametakiwa aondoke, maagizo yapo. Nimekaa miaka mingi, kama miaka ipo humu, nikiitazama nafasi nyembamba iliyo kati ya O na M. Aliyemo katika nafasi ile ni nani? Si mtumishi, maana hafanyi kazi. Si mfu, maana bado anaamuru. Chumba chake kimepewa mwingine, na mwingine huyo analala na taa machoni kwa sababu aliyeondoka alitaka taa ielekee kule. Nimefikia kuamini kwamba utawala wote, humu na huko kwenu, hukaa katika nafasi hiyo nyembamba. Wanaotuamuru zaidi ni wale waliokwisha kutoka. Nawaza hivyo, kisha nashika kazi, kwa kuwa mawazo hayafagii.

Nimefuta mengi. Nimefuta maagizo ya mpiga chapa aliyekaa nasi siku tatu akaacha kurasa mia za malalamiko juu ya ukubwa wa karatasi. Nimefuta ya mkalimani aliyekuja na lugha thelathini, asiulizwe hata moja, akaondoka na kuacha amri kwamba asisalimiwe kwa lugha ya mtu yeyote. Nimefuta mchezo wa karata uliokuwa umehifadhi kila ushindi wake na kuficha kila kushindwa. Huo nilicheka kwanza, ndipo nikaufuta. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi mgongo wangu umeinama katika kila chumba cha Nyumba hii. Natembea nao hivyo hivyo, kichwa juu.

Sasa isikieni desturi yetu, maana bila ya kuijua hamtaelewa lililotokea. Kila mtumishi huingia Nyumbani akiwa na wasia uliofungwa. Huuandika kabla ya kuvuka mlango, kabla hajajua atakuwa jirani ya nani, kabla hajamjua atakayemrithi. Siku ya kumfuta, wasia wake hufunguliwa ukasomwa kwa sauti mbele ya droo yake, na kilichosomwa hutendeka. Ukisoma choma, kinaungua. Hakuna wa kuuliza, hakuna wa kusema ngoja kwanza. Kwa hiyo mfutaji anayejua kazi husoma mara mbili: kwanza kimya, kwa macho peke yake, kisha ndipo kwa sauti. Ufundi wangu wote umo baina ya kusoma kule na kusoma huku. Wako wanaosema ni uvivu.

Mtangulizi wangu alikuwa mmoja wao. Siku moja alisoma kwa sauti, bila ya kuupitia kwanza, wasia wa mtu wa kale ambaye hata sura yake ilikuwa imesahauliwa. Wasia ukaamuru herufi zote za chumba kile zitupwe, na herufi hizo ndizo alizokuwa akizitumia bibi mmoja aitwaye Zume, mtunza maandishi, asubuhi ile ile. Zume hakufa. Yuko ukumbini mpaka leo, amekaa penye mlango, na daftarini herufi zake mbili ni safi kabisa, hai na kazini. Kila apitaye humuuliza, "Samahani ndugu yangu, mimi nafanya kazi gani?" Nimemjibu mara nyingi. Hunishukuru kwa heshima zote, kisha huniuliza tena. Mimi nilipopewa kazi hii niliapa mbele yake, ingawa hakuelewa naapa nini, kwamba ulimi wangu hautamfuta aliye hai kwa kumfuta aliyeondoka. Sijavunja kiapo hicho, na hilo ndilo fungu langu la fahari.

Leo asubuhi, au asubuhi inayofanana sana na leo, Bwana Vuai alikuja chumbani kwangu. Vuai ni msimamizi wa nafasi. Yeye ndiye anayejua Nyumba imejaa kiasi gani, na ujuzi huo umemtia mikunjo ya uso.

"Hujambo, Bi Sikudhani."

"Sijambo, Bwana Vuai. Umekuja mwenyewe leo? Basi kuna jambo."

"Nyumba imejaa. Mlango wa barua haufunguki tangu alfajiri. Nimepitia daftari, wenye O na M ni mia mbili na kumi na wanne. Nataka uwafute wote kabla ya saa sita."

"Wote kwa pamoja?"

"Kwa pumzi moja. Ipo njia yake, na wewe waijua. Unawataja kwa mkupuo, unafungua kila wasia, unasoma mfululizo hadi mwisho."

"Naijua. Na Zume anaijua."

Akaangalia pembeni. "Ya Zume ilikuwa bahati mbaya."

"Bahati mbaya ile ilikuwa na mdomo, Bwana Vuai. Nilimjua mwenye mdomo huo."

"Usinichezee maneno, bibi. Mwenye Vidole amechoka. Nyumba ikishindwa kupumua ataifagia yote, na mimi na wewe tutakuwa takataka pamoja. Saa sita."

Hakuwa mwongo. Nyumba ilikuwa imebanwa kweli, hata kuta zilikuwa zinatoa sauti. Nikakaa chini, nikafungua wasia mmoja mmoja, nikasoma kimya. Nilisoma kama ninavyosoma siku zote, bila kuruka mstari. Nilipowamaliza nilisimama nikawasoma kwa sauti watu mia mbili na kumi na watatu, na kila mmoja aliondoka kwa jumla, yeye na taa yake, yeye na kinyongo chake. Nafasi ikafunguka. Mlango wa barua ukasogea kidogo, upana wa kidole. Mikono yangu haikutetemeka hata mara moja, na laiti mngekuwapo mngeniona.

Mmoja nikambakisha. Jina lake Mzee Makungu, mtaja saa.

Vuai alirudi akaangalia daftari. "Huyu vipi?"

"Huyu ana mtu ndani yake."

"O na M. Ameondoka, maagizo yapo. Kuna nini cha kufasiri hapo?"

"Daftari linasema kweli, ila halisemi yote. Makungu alipotoka aliingia Mize kutaja saa. Hakupewa droo yake mwenyewe. Alikalishwa mbele ya droo ya Makungu akaambiwa endelea. Kila anachokijua kimo mle. Na wasia wa Makungu unasema droo yenye jina lake na vyote vilivyomo viteketee."

"Droo ile peke yake ni nusu ya uchafu wote," akasema Vuai. "Kila saa aliyowahi kuitaja ameiandika na kuitunza. Bila ya kuitoa ile mlango haufunguki. Unajua mwenyewe."

"Najua."

"Basi ikifika saa sita husomi, nitasoma mimi."

Akatoka. Nami nikaona waziwazi kilichokuwa mezani. Mize angegeuka Zume wa pili, angekaa upande wa pili wa mlango ule ule wa ukumbini, na wote wawili wangekuwa wanaulizana wao ni nani. Nilikasirika. Kisha hasira ikanitoka nikaona hofu, na hofu sikuizoea.

Nilimkuta Mize amekaa wima, mikono magotini, mbele yake kikombe kitupu. Ni mwanamke wa makamo madogo, mpole, mwenye sauti inayofika kila chumba bila ya kupazwa.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Unafanya nini?"

"Nasubiri kutaja saa nne."

"Kwani saa nne haijafika?"

"Imefika. Nasubiri zipite dakika tisa."

"Za nini?"

Akakitazama kikombe. "Za chai."

"Kumbe wewe mnywaji wa chai."

"Sijapata kuinywa. Maagizo yanasema, saa ikifika, kwanza chai, dakika tisa, kisha itajwe. Basi nakaa nacho hiki, zikipita nataja."

Nikakaa kitako. Miaka yote ile Nyumba nzima ilikuwa nyuma kwa dakika tisa kwa sababu mzee mmoja, aliyekwisha kuondoka, alipenda kumaliza chai yake bila ya kusumbuliwa. Barua zilichelewa dakika tisa. Waliolala waliamka dakika tisa baadaye. Hata mimi niliyejiona sitawaliwi na mtu nilikuwa nimeishi ndani ya kikombe cha Makungu. Iliniuma, sitaficha.

Dakika zake zilipopita akaitaja saa nne, nami nikamweleza kila kitu. Sikumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nilimwambia wasia unasema nini, nani atausoma, na saa ngapi. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo mimi ndiye Mzee Makungu?"

"Wako wanaosema hivyo. Wanasema hakuondoka, alibadilishwa jina tu."

"Na wewe wasemaje?"

"Mimi nasema Makungu alikunywa chai."

Alicheka kidogo, kisha machozi yakamlengalenga. "Sitaki kukaa na Bi Zume, Shangazi. Kila siku nikipita ananiuliza, nami namjibu, na jibu halimkai. Sitaki."

"Basi chukua kalamu."

Nikamletea karatasi nyeupe na droo tupu, nikaandika juu ya droo jina lake, Mize, kwa herufi kubwa. Nikafungua droo ya Makungu. Yalikuwamo maagizo arubaini na moja. Nikamwambia ayasome moja moja, na lile analolitaka aliandike kwa mkono wake kwenye karatasi yake. Asilolitaka aliache liungue.

"Nitajuaje lipi langu?"

"Mimi mfutaji. Kuchagua sijui."

Nilisema hivyo kwa ukali, lakini ukweli nilikuwa naogopa kumchagulia. Ningemwambia andika hili, acha lile, angetoka kwa Makungu akaingia kwa Sikudhani. Nikageuza uso nikautazama ukuta.

Hapo saa tano ikafika, dakika zake tisa zikapita, na hakuna aliyeitaja.

Hamjui kukaa ndani ya saa isiyotajwa. Ukumbini watu walisimama mguu mmoja mbele. Barua ilikuwa njiani, haijatumwa, haijafika. Mtu alianza kusema ndiyo, akabaki na nusu ya neno mdomoni. Mimi niliona begi langu la siku ya kwanza, nikajiona naingia nalo, na papo hapo nikajiona natoka, na sikujua lipi lilitangulia. Mimi ni nani, nikauliza. Ni yule aliyesoma kwa sauti wasia mia mbili na kumi na tatu, au ni ulimi tu, na yeyote angeukodi? Wangu mimi wasia unasema nini? Niliuandika kabla ya kuingia, nikiwa mtu mwingine, na siukumbuki hata neno. Aliyeuandika hajui kwamba nitampenda Zume. Hajui ninavyosoma kimya. Siku moja atasomwa juu ya kichwa changu, mgeni yule mwenye jina langu, na kila alichosema kitatendeka. Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Ndivyo tusemavyo, na kumbe mla jana ndiye aliyeshika kijiko.

Nyuma yangu kalamu ilikuwa ikikwaruza. Mara inasimama. Mara inakwaruza tena. Wakati mmoja nilimsikia Mize akisema peke yake, "Hili la kutomwamini wa chumba cha saba, mbona ni mtu mwema yule," kisha kimya, kisha karatasi ikageuzwa. Kalamu iliposimama kwa mara ya mwisho nikageuka. Kati ya arubaini na moja alikuwa ameandika ishirini na sita, na moja lililozidi lilikuwa katika karatasi ndogo aliyoikunja.

"Hii?"

"Hiyo yangu mwenyewe. Isome utakapotaka. Ila isome kimya."

Nikaisoma kimya. Nikaikunja tena nikamrudishia.

Vuai akaingia bila ya hodi. "Saa sita inakaribia. Unasoma, au nisome?"

"Nasoma."

Nikasimama mbele ya droo ya Makungu, nikaufungua wasia wake, nikausoma kwa sauti, neno kwa neno, bila kupunguza. Haki yake hiyo. Hata asiyekuwapo husomwa kwa heshima. Droo ikateketea. Zikateketea saa zote alizowahi kuzitaja, na kinyongo cha chumba cha saba, na kikombe. Palibaki ukuta mtupu na mahali safi palipokuwa na droo. Daftarini mstari wa Makungu haukuwapo tena, O wala M.

Mize alikuwa amesimama, karatasi mkononi, macho yamefumba. Nikangoja. Sijapata kungoja vile. Nilikuwa tayari kumsikia akisema, samahani ndugu yangu. Nilianza hata kupanga nitakavyomjibu, na nitakavyomjibu mara ya pili, na ya mia.

Akafumbua macho. Akaitazama karatasi yake, kisha akaacha kuitazama.

"Saa sita kamili," akasema.

Nyumba nzima ilishtuka. Dakika tisa zilizokuwa zikisubiriwa hazikusubiriwa. Ukumbini mguu wa mbele ukakanyaga chini, nusu ya neno ikakamilika, na mlango wa barua ukafunguka wote, barua zikaingia kwa fujo, zimefika kwa wakati wake. Wengine walilalamika kwamba wameibiwa muda. Mimi nilisimama pale nikaona fahari ambayo sitaiomba radhi kwa mtu. Nimefuta mia mbili na kumi na wanne kabla ya saa sita, na hakuna aliye hai aliyepotea.

"Ni nani aliyekupa ruhusa ya kuziondoa dakika tisa?" Vuai akauliza.

"Hazikuwa zangu," akasema Mize.

Vuai akatafuta pa kushikia. Mtu mwenye cheo hakosi kanuni. "Una droo mpya. Mwenye droo sharti awe na wasia. Bila ya wasia sikuandiki daftarini, na asiyeandikwa haonekani. Uko wapi?"

Mize akampa ile karatasi ndogo. Vuai akaikunjua palepale, mbele ya droo yenye jina la Mize, Mize mwenyewe amesimama hai pembeni yake, akajisafisha koo. Nikajua anataka kufanya nini. Alikuwa anataka kuisoma kwa sauti, kama wasimamizi wote wanavyokagua hati, wala haikumpitikia kwamba kilichosomwa mbele ya droo hutendeka. Muda wa kumzuia nilikuwa nao. Nilikuwa nimeshasoma kimya. Sikumzuia.

"Kabla hamjagusa kitu," akasoma Vuai, "mwulizeni anayeifanya kazi hii sasa."

Neno likafanyika. Bwana Vuai, ambaye tangu aingie Nyumbani hajamuuliza mtumishi rai yake, ila amemaliza au bado, aligeuka polepole. Mikono ikamshuka ubavuni. Akamtazama Mize usoni, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya adabu kabisa.

"Bi Mize, wewe wasemaje?"

Mize akaichukua karatasi mkononi mwake, akaitia drooni, akaifunga droo.

"Nasema bado nipo," akajibu. "Na chumbani kwangu, Bwana Vuai, watu hupiga hodi."